Begi linahama njiani: nifunge vipi mzigo laini kwenye pikipiki?

*"Shikamoo fundi. Nina Boxer 150, na mwezi ujao nahamia Njombe kikazi kutoka Dar es Salaam. Nataka niende nayo mwenyewe. Nina begi kubwa la nguo la kitambaa, kama kilo 25 hivi, na begi la mgongoni lenye laptop na vyeti. Juzi nilijaribu kwenda Chalinze. Nilifunga begi kubwa kwenye keria kwa mipira miwili ya tyubu, nikakaza mpaka vidole vikauma. Kabla sijafika Mlandizi lilikuwa limeshahamia kulia, likalalia ekzosi na kutoboka tundu la ukubwa wa kiganja. Tena nikifika spidi 70 hendo inakuwa nyepesi mno, kama tairi la mbele haligusi lami. Mmoja ananiambia niongeze mipira, mwingine nichomelee sanduku la chuma, mwingine nibebe kila kitu mgongoni. Nifuate lipi?"*

Marahaba. Pole kwa begi, na nashukuru umeeleza kila kitu, maana hiyo habari ya hendo uliyoitaja mwishoni imenishtua kuliko tundu lenyewe. Begi kuhama ni tatizo moja, hendo kuwa nyepesi ni jingine, na yote mawili yanatibika kabla hujaondoka. Lakini katika ushauri wote uliopewa, hakuna unaogusa chanzo. Chanzo ni kwamba umetumia kitu kinachovutika kushika mzigo unaobonyea, tena umeuweka mahali pabaya.

Sina ugomvi na mpira wa tyubu. Vijana wa bodaboda wanabeba kreti za soda, magunia ya mkaa na hata magodoro kwa mpira huo huo, na mzigo unafika. Ila angalia wanavyosafiri: umbali mfupi, mwendo mdogo, na akiona mzigo umelala upande anasimama pembeni anauweka sawa. Wewe unakwenda takriban kilomita 700, sehemu kubwa kwa mwendo wa barabara kuu, mabasi na malori yakikupita kwa kasi.

Kazi ya mpira ni kuvutika, na hata ukiukaza vidole viume unabaki kuwa mpira. Pikipiki inapopita kwenye tuta, keria inarushwa juu pamoja na begi. Nyuma ikishuka ghafla, begi bado linataka kuendelea kwenda juu. Mpira hauwezi kulizuia bila kwanza kurefuka, kwa sababu nguvu yake inaongezeka kadiri unavyovutwa. Kwa hiyo begi linanyanyuka, pengine sentimita moja tu, na kwa kitambo hicho kifupi halijashikwa na msuguano wowote wa keria. Likitua, linatua kando kidogo ya pale lilipokuwa. Sasa fikiria zile rasta zilizochorwa barabarani kabla ya vivuko na vijiji: kila mstari ni kunyanyuka kumoja. Ukishapita vijiji kadhaa, begi limeshasafiri safari yake.

Kwa nini lilihamia kulia na si kushoto? Huenda upande wa kulia ndio wenye viatu na vitu vizito. Huenda pia ulifunga mafundo yote upande mmoja, na mpira ukabaki na mvuto mkali huku na mlegevu kule, maana mpira ukibanwa juu ya kitambaa unang'ang'ania na hausambazi mvuto sawasawa. Na kama mipira yote miwili ilipita katikati ya begi, hapo hukulifunga, ulilipa mhimili wa kuzungukia.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau. Begi la nguo lina hewa nyingi ndani. Ukiondoka nyumbani limejaa na limekaza. Mtikisiko wa kilomita 20 za mwanzo unazishusha nguo, hewa inatoka, begi linapungua unene, na chochote ulichofungia kinalegea hata kama fundo halijasogea hata kidogo. Ndiyo maana mzigo laini unahitaji kukazwa mara ya pili njiani, hata afunge nani.

Kwa hiyo anayekuambia uongeze mipira anakuongezea mvuto, lakini hakuondolei kuvutika. Unachohitaji ni mikanda isiyovutika. Kwenye maduka ya vipuri na vifaa vya malori inauzwa mikanda ya kufungia mizigo ya upana wa milimita 25, yenye kibano cha meno: unapitisha mkanda, unavuta kwa mkono, meno yanauma. Chagua ya poliesta ukiweza, kwa sababu hairefuki sana hata ikilowa. Nailoni ni imara pia, ila ikinyeshewa inavutika na kulegea. Kamba ya plastiki, hii tunayoiita manila, inaweza kutumika kama huna kingine, lakini ni telezi kwenye fundo na inayeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi. Ekzosi ya pikipiki iliyosafiri inapita hapo bila shida. Mikanda ya racheti, ile yenye mkono wa kukazia, siipendi kwa begi la kitambaa. Ina nguvu kupita mahitaji yako. Nimeona keria zimepinda na zipu zimepasuka kwa sababu mtu alikaza mpaka chuma kikalia.

Mipira yako usiitupe. Baada ya mikanda kufanya kazi, mpira mmoja juu unafaa kushikilia koti la mvua. Ile mipira ya kununua yenye ndoano za chuma kila ncha, kuwa nayo makini sana. Ikiponyoka wakati unaivuta, ndoano inarudi usoni kwa kasi, na majeraha ya jicho ya namna hiyo madaktari wa macho wanayafahamu vizuri. Ukilazimika kuitumia, geuza uso pembeni unapovuta.

Sasa habari ya hendo. Boxer ina urefu wa takriban mita 1.3 kutoka ekseli ya mbele (chuma kinachopita katikati ya tairi) hadi ya nyuma. Keria yako imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Tuseme katikati ya begi ilikuwa sentimita 30 nyuma ya ekseli hiyo. Hapo pikipiki inakuwa kama mizani ya dukani: begi la kilo 25 linaliongezea tairi la nyuma karibu kilo 31, na linaliondolea la mbele karibu kilo 6. Kilo 6 zinaonekana kidogo, lakini ongeza upepo wa kifuani unaokusukuma nyuma ukiwa kwenye spidi 70, na shokapu za nyuma zilizobonyea, na begi linaloyumba kulia kushoto kule mwishoni. Tairi la mbele ndilo linaloongoza pikipiki na ndilo lenye kazi kubwa wakati wa breki. Likikosa uzito, hendo inaanza kucheza. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yako, na ulifanya vyema kuitilia maanani.

Dawa yake ni rahisi: unasafiri peke yako, kwa hiyo kiti cha abiria ni cha begi. Lilaze kwa upana juu ya kiti, nyuma tu ya mgongo wako, likigusana na keria lakini lisiwe limekalia keria. Pale uzito unakuwa mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, mahali ambapo pikipiki ilitengenezwa kubeba mtu mzima. Kilo 25 mahali hapo si kitu. Kilo hizo hizo zikining'inia kwenye mkia ni tatizo. Na kwenye keria yenyewe weka kitu chepesi tu, koti la mvua au blanketi.

Kabla ya kulifunga, lipange upya. Viatu, vitabu na vyuma vikae chini na katikati, vigawanywe sawa kushoto na kulia. Nguo laini juu na pembeni. Laptop ifunge ndani ya sweta na uiweke katikati kabisa ya nguo, isiguse chini wala ubavuni. Ndani ya begi tanguliza mfuko mkubwa wa nailoni mzito, vitu vyote viingie humo, kisha ukunje mdomo wake. Hata begi linaloitwa la kuzuia mvua huingiza maji kwenye zipu. Kamua hewa kwa kulikalia, halafu ndio ufunge zipu. Tundu la ekzosi lishonewe kiraka cha turubai nje na ndani. Gundi peke yake haitafika Morogoro.

Sasa tafuta vyuma vinne vya kushikia. Viwili mbele ya begi: mabano ya vikanyagio vya abiria, kushoto na kulia, ikiwa yameshikamana na fremu. Viwili nyuma: mahali miguu ya keria inapoungana na fremu. Usifunge kwenye indiketa, madigadi ya plastiki, kibati cha namba wala ekzosi. Na usifunge ncha yoyote kwenye chuma kinachopanda na kushuka na tairi la nyuma, pamoja na sehemu ya chini ya shokapu. Tairi likipanda mkanda utalegea, likishuka utakazwa, na baada ya saa moja kitu kimoja kitakuwa kimekatika.

Mikanda miwili inatosha. Wa kwanza uanzie kikanyagio cha kushoto, upite juu ya begi na kushukia mguu wa keria wa kulia. Wa pili uende kinyume chake, ukatane na wa kwanza juu ya begi. Mkatano huo ndio unaozuia begi kuzunguka. Kama begi lina vishikio, pitisha mikanda ndani yake ili isiteleze kuelekea katikati. Angalia pembe pia. Mkanda unaoshuka wima kuelekea kwenye chuma unatumia karibu mvuto wake wote kulikandamiza begi chini. Mkanda unaolala, uliobaki nyuzi 30 tu juu ya ulalo, unatumia nusu tu. Kwa hiyo ukiona mkanda umelala sana, tafuta chuma kingine kilicho chini zaidi. Kaza kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza utakuwa umelivuta begi huko. Na kabla ya kukaza mara ya mwisho, upe kila mkanda msokote mmoja mahali usipogusa begi. Mkanda bapa ulionyooka hupigwa na upepo, ukatetemeka na kulegeza kibano. Wenye msokote unatulia.

Nikifika hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali popote. Ukimaliza kukaza, kila mkanda utabaki na mkia, pengine wa nusu mita au zaidi. Mkia huo ukiachwa unapepea, upepo utaupeleka chini, na chini kuna spoku, tairi na sproketi (gia ya cheni). Mkanda wa poliesta haukatiki kirahisi. Unavutwa ndani, unajizungusha, na tairi la nyuma linafunga ghafla ukiwa katikati ya lami. Boxer hutoka kiwandani na kava zima la cheni, na hiyo ni nafuu, lakini mafundi wengi hulitoa na wasilirudishe. Hata likiwepo, spoku ziko wazi. Kwa hiyo mkia wa mkanda uviringe, uupitishe chini ya mkanda wenyewe mara mbili, ufunge fundo, kisha uubane kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kama ni mrefu mno, ukate, na ncha uichome kwa kiberiti isifumuke. Kamba za begi lenyewe zinazoning'inia, ule mkanda wa begani hasa, zitoe kabisa au uziingize ndani.

Kisha jaribu. Shika begi kwa mikono miwili, ulivute kulia na kushoto kwa nguvu zako zote. Pikipiki nzima iyumbe na begi. Kama begi linasogea na pikipiki imetulia, rudia kazi. Ukae sasa kwenye kiti, uangalie kama begi linakusukuma mbele, kama indiketa, taa ya nyuma na namba vinaonekana, na kama kati ya begi na ekzosi kuna nafasi ya kutosha hata ukilikandamiza chini. Plastiki iliyogandia kwenye ekzosi, subiri bomba liwe vuguvugu tu, ikwangue kwa kipande cha mti.

Ushauri mwingine uliopewa haukuwa wa ovyo, nao una mahali pake. Sanduku la chuma linazuia mvua na wezi kuliko begi, na kwa mtu anayesambaza bidhaa kila siku mjini lina maana. Lakini lenyewe ni zito, litachomelewa pale pale nyuma ya ekseli, na mtikisiko wake unapasua miguu ya keria. Pikipiki ikianguka, begi la kitambaa linabonyea mguu wako ukiwa chini yake, sanduku halibonyei. Begi nalo lina udhaifu wake ambao sitakuficha: kisu kidogo kinatosha kulifungua. Kwa hiyo vyeti, pesa na simu visikae humo hata kidogo, na unapokula usiliache mahali usipoliona.

Kubeba vyote mgongoni nakukataza. Kilo kadhaa mabegani zinavumilika mpaka Chalinze. Zikifika Iringa zimeshakunyima nguvu za kushika hendo. Zinapandisha uzito juu, na ukianguka chali kitu kigumu kama laptop kinakutana na uti wa mgongo. Begi la mgongoni libaki na vyeti, maji na kitu cha kula. Na kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: begi kubwa lipeleke kwa basi kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, ulipokelee Njombe. Kama baada ya kupanga upya mzigo umezidi kilo 30, au kama hujawahi kuendesha masafa haya, mimi ningefanya hivyo bila kusita.

Ukienda nalo, siku moja kabla endesha kilomita kadhaa kwenye barabara mbovu ya mtaani kwako ukiwa na mzigo kamili. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za kazi zina pete ya kuongeza ugumu wa springi. Ipandishe ngazi moja au mbili. Upepo wa tairi la nyuma uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki kwa ajili ya kubeba abiria. Mlegeo wa cheni upime mzigo ukiwa juu na wewe umekaa, maana nyuma ikibonyea cheni inabadilika. Taa ya mbele nayo itakuwa imeinuka kwa sababu mkia umeshuka. Ishushe, usije ukawapofusha wanaokuja.

Siku ya safari, simama baada ya kilomita 15 au 20 ukaze upya. Usiruke kituo hiki hata kama begi linaonekana limetulia. Kagua tena Morogoro, na mara nyingine Doma kabla hujaingia hifadhi ya Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50, tembo na nyati huvuka wanapotaka, na si mahali pa kusimama kufunga mabegi. Mlima Kitonga unavuta mzigo nyuma wakati unapanda kwa gia ndogo nyuma ya malori, kwa hiyo kagua pia kabla ya kuuanza. Makambako utakutana na upepo wa ubavuni. Hapo begi lililolala chini na kubanwa vizuri utalishukuru, ila punguza mwendo vilevile.

Ukihisi begi limesogea ukiwa mwendoni, usipeleke mkono nyuma na usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, washa indiketa, toka nje ya lami, kisha ushuke uangalie.

Yapo mambo ambayo mkanda hauyatibu. Kama baada ya kuhamishia begi kwenye kiti hendo bado inacheza, usianze safari. Mpelekee fundi unayemwamini, pikipiki ikiwa na mzigo wake, aone inavyokaa. Mwambie aangalie bolti na bushi za mhimili unaoshika tairi la nyuma, beringi za magurudumu na za hendo, na kama shokapu zinavuja mafuta. Mwenyewe unaweza kuanza: weka stendi kubwa, shika tairi la nyuma juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza au kugonga, jibu umelipata. Kagua pia miguu ya keria kwa kidole, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, kwa sababu ile safari ya Chalinze yenye begi linalorukaruka inaweza kuwa imeacha ufa mwembamba chini ya rangi. Ukiona mstari wa kutu mahali ambapo rangi nyingine ni nzima, keria hiyo ichomelewe kabla hujaifungia chochote, na betri ichomolewe kabla ya fundi kuwasha mashine yake.